Tuurudie Wakati Mwingine

Hotuba ya katibu wa kwaya katika jubilii ya miaka 25



Mwenyekiti alinipa dakika kumi na tano nisome historia ya kwaya. Historia hiyo mnayo tayari mwanzoni mwa kijitabu hiki, pamoja na picha za sare zote nne tulizowahi kushona, ile ya rangi ya maziwa ikiwemo, ambayo nawaomba msiicheke sana. Kwa hiyo sitaisoma. Nataka kuzungumza juu ya jambo nililokutana nalo nilipokuwa nikiiandika.

Katibu ndiye anayetunza vitabu vya kumbukumbu za mikutano. Tunavyo saba. Cha kwanza ni daftari la shule lililoanza mwaka 2000, na kurasa zake za mwisho zimeandikwa mpaka pembeni kwa sababu pesa za kununua lingine hazikuwepo. Desemba iliyopita, shule zilipofungwa, nilikaa mezani nikavisoma vyote saba. Nilikuwa natafuta tarehe tu: tulinunua kinanda lini, tulienda Kisumu lini. Lakini kuna sentensi moja iliyokuwa ikirudi kila baada ya kurasa chache. Makatibu wamebadilika, mwandiko umebadilika, sentensi ni ileile: “Tuurudie wakati mwingine.”

Ilikuwa inatumika hivi. Mwimbaji analeta wimbo alioutunga mwenyewe. Katibu anaandika jina la wimbo na la mwenye wimbo. Watu wanasema ni mzuri. Mmoja anauliza kama washirika wataupokea. Mwingine anakumbusha kwamba Pasaka imekaribia. Kisha inaandikwa sentensi hiyo, na mkutano unaendelea na habari za nauli.

Nikachukua kalamu nyekundu nikaanza kuhesabu, maana mwalimu ni mwalimu hata likizoni. Katika miaka 25 waimbaji wa kwaya hii wameleta nyimbo 43 walizozitunga wenyewe. Tulizoimba mbele ya kanisa ni 4. Zilizokataliwa waziwazi ni 2, na moja kati ya hizo mbili ilistahili kukataliwa, nitawaambia ni ya nani. Zilizobaki, nyimbo 37, ziliambiwa zitarudiwa wakati mwingine. Sikupata hata mmoja uliorudiwa.

Msidhani nawasema makatibu walionitangulia. Nyimbo 11 kati ya hizo 37 zimeandikwa kwa mkono wangu.

Tumeimba nini basi miaka hii yote? Mnajua. Tumeimba nyimbo za kitabuni, na tumeimba nyimbo za kwaya kubwa za Tanzania, kwanza kutoka kwenye kanda, baadaye kwenye CD, na sasa kwenye simu. Nazipenda nyimbo hizo. Zimetufundisha sauti nne kuliko chuo chochote. Lakini tuseme ukweli kwa nini tulizing'ang'ania. Wimbo uliokwisha kupendwa Dodoma au Arusha hauna hatari. Ukipendeza, sifa ni zetu. Ukiharibika, lawama ni ya kinanda. Hakuna atakayeuliza ni nani aliyeandika maneno haya, na alikuwa anafikiria nini.

Nimefanya vivyo hivyo shuleni. Mashindano ya muziki ya Kenya yalianza mwaka 1927, na mwalimu yeyote wa shule ya msingi aliye hapa anajua yanavyotutoa jasho muhula wa pili. Miaka sita mfululizo nilipeleka watoto na wimbo wa kienyeji ambao shule nyingine iliushindia mwaka uliotangulia. Nilikuwa nauandika ulivyo, hata mahali pa kupiga makofi. Miaka sita tulikuwa wa tatu au wa nne katika kaunti ndogo. Mwaka wa sita mwamuzi mmoja aliniita kando akaniambia, “Mwalimu, sikupata kosa la kukukata alama. Wala sikupata kitu cha kukuongezea.” Nilimshukuru, nikapanda matatu, na nilikuwa nimefika karibu na nyumbani kabla sijaelewa alichoniambia.

Na kule nyumbani, chini ya kitanda, nilikuwa na daftari la nyimbo zangu mwenyewe. Nilijiambia siombi kuonekana, mimi ni mtu wa nyuma. Nilikuwa naita hali hiyo unyenyekevu. Baada ya kusoma vitabu saba sina uhakika tena kama lilikuwa jina lake. Mtu mnyenyekevu angeuleta wimbo wake na kukubali kusahihishwa. Mimi niliuficha ili nisisahihishwe.

Sasa niwaambie juu ya wimbo mmoja kati ya zile 37.

Umeandikwa katika kitabu cha tatu, mwaka 2009. Aliyeuleta ni mama mmoja wa sauti ya pili, mchuma majani kwenye shamba kubwa, ambaye wengi wenu mlimfahamu. Sitamtaja kwa sababu ameniomba. Wimbo wake ulikuwa wa Ruthu akiokota masuke nyuma ya wavunaji. Fikirini ni nani anatunga wimbo huo: mwanamke aliyeamka saa kumi na moja, kikapu mgongoni, aproni ya plastiki imelowa umande mpaka kiunoni, anakata majani mawili na kichipukizi, majani mawili na kichipukizi, mpaka mizani ya jioni. Yeye hakuhitaji mtu amweleze Ruthu alikuwa anafanya nini shambani. Kamati ilisema tuni yake inafanana mno na wimbo wa kubembelezea watoto. Tuurudie wakati mwingine.

Mnakumbuka kilichofuata katika mashamba yetu. Mashine za kuchuma chai ziliingia, na pale palipokuwa na watu kumi pakahitajika watu wachache. Waimbaji wetu walianza kufungasha. Kwaya iliyokuwa na watu 46 leo ina 28. Huyu mama alirudi kwao Magharibi, na wimbo wake ukaenda naye.

Januari nilitafuta namba yake nikampigia. Nilimwambia, “Shikamoo mama, ni mwalimu, yule katibu wa kwaya. Nautafuta ule wimbo wa Ruthu.” Alinyamaza kidogo, kisha akacheka. “Mwanangu, ule si mlisema mtaurudia?” Nikamwambia ndiyo, ndio tunaurudia sasa. Akaniimbia kwenye simu, kuku wakilia nyuma yake, nami nikiandika nota za solfa haraka haraka kwenye karatasi ya mitihani. Ubeti wa kwanza, wa pili. Wa tatu hakuukumbuka. Alijaribu mara tatu. Alisema ulikuwa juu ya Naomi, na kwamba ndio aliokuwa akiupenda zaidi. Hakuwa ameuandika popote, na sisi hatukuwa tumeuandika.

Nilikuwa na kitabu cha tatu mbele yangu. Kilikuwa kimeandika nauli ya kwenda Sotik mpaka shilingi ya mwisho.

Baada ya hapo nilianza kuuliza kama watu wa huku tumekuwa hivi siku zote, waoga wa sauti yetu. Jibu nililipata karibu kuliko nilivyotarajia, Kapkatet, ambako baadhi yenu mmepita leo asubuhi mkija hapa kutoka Sotik.

Mwaka 1950 alifika pale Mwingereza mmoja aliyeishi Afrika Kusini, Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na mashine ya kurekodi. Kundi la wasichana wa Kikipsigis, likiongozwa na Chemutoi Ketienya, lilimwimbia wimbo unaoitwa Chemirocha. Jina hilo lina asili ya ajabu. Huko Marekani alikuwepo mwimbaji mmoja wa Mississippi, Jimmie Rodgers, aliyewahi kufanya kazi kwenye reli na akafariki mwaka 1933. Sahani zake za santuri zilikuwa zimefika mpaka huku kwetu. Watu wakaisikia sauti ya mgeni ikitoka ndani ya sanduku, na jina lake midomoni mwetu likawa Chemirocha. Wasichana wakamfikiria kuwa kiumbe nusu mtu, nusu swala, wakamtungia wimbo wa kumwalika aje acheze nao, huku kinubi chetu, chepkong, kikipigwa.

Nimeusikiliza wimbo huo mara nyingi. Ni mfupi. Sauti ni za watoto wa hapa kabisa, ungeweza kudhani wako nyuma ya ua. Na kila mara najiuliza: ingekuwa kwaya yetu, tungefanya nini na ile santuri? Tungekaa nayo Jumamosi tatu, tugawane sauti, tumwige Jimmie Rodgers mpaka pumzi zake. Na Tracey angetusikiliza kwa adabu, asiwashe mashine yake, kwa maana sahani ya Jimmie Rodgers mwenyewe ilikuwa ikiuzwa dukani. Alirekodi kitu ambacho hakikupatikana popote pengine duniani.

Rekodi hiyo iliwekwa katika maktaba ya muziki wa Afrika ambayo Tracey aliianzisha Afrika Kusini mwaka 1954, na imesikilizwa na watu wa nchi nyingi ambao hawajui Kapkatet iko wapi. Baada ya zaidi ya miaka 60, maktaba hiyo ikishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi ilirudisha nakala za rekodi hizo huku kwa Wakipsigis, wakatafutwa waliorekodiwa na jamaa zao.

Najua kuna mzee hapa anayejiuliza wimbo wa kucheza na swala unafanya nini kwenye jubilii ya kanisa. Swali ni la haki, na liliulizwa pia kwenye kamati. Nilijibu kwa wimbo mwingine, ambao sote tumeuimba leo asubuhi tukiwa tumesimama wima. Mwaka 1963, Kenya ilipokaribia uhuru, watu watano walipewa kazi ya kuandaa wimbo wa taifa: Graham Hyslop, Thomas Kalume, Peter Kibukosya, Washington Omondi na George Senoga-Zake. Tuni waliyoichukua ilikuwa ya Wapokomo wa Mto Tana, iliyotoka kwa Mzee Meza Morowa Galana. Ilikuwa tuni ya akina mama ya kubembelezea watoto. Leo ndiyo Ee Mungu Nguvu Yetu, na ubeti wake wa kwanza ni sala. Kamati yetu ya mwaka 2009 ingewaambia wale watano waurudie wakati mwingine.

Nina neno kwa vijana, hasa ninyi wapiga gitaa na kinanda mnaonifuata baada ya ibada na swali moja: “Mwalimu, niache kazi nifanye muziki?” Siwezi kuwajibu wote kwa pamoja. Mimi sijaacha chaki, na mkopo wangu wa benki haulipwi kwa wimbo. Lakini nimegundua mara nyingi swali hilo linaulizwa na mtu ambaye hajamwimbia yeyote wimbo wake hata mmoja. Anajiandaa kuruka mto ambao hajatia mguu. Enoch Sontonga alikuwa mwalimu wa shule ya misheni na kiongozi wa kwaya Johannesburg. Mwaka 1897, akiwa na shule ya kufundisha na watoto wa kuwaimbisha, alitunga Nkosi Sikelel' iAfrika, wimbo ambao tuni yake majirani zetu Watanzania wanaiimba kama wimbo wao wa taifa. Alifariki mwaka 1905, hajafika miaka 35. Hakujua wimbo ule ungefika wapi. Alichokuwa nacho ni kwaya ya shule, naye aliwapa wanafunzi wake wauimbe. Hiyo tu ndiyo hatua ninayowaomba, na haihitaji barua ya kuacha kazi.

Na ninyi mnaoogopa kwamba wimbo wa Kikalenjin utawafungia ndani ya kaunti mbili, mnamjua Emmy Kosgei. Taunet Nelel umeimbwa na watu wasiojua neno jingine lolote la lugha yetu.

Mhubiri wa leo nadhani atagusa mfano wa talanta, kwa hiyo sitamwibia somo. Ila kwa macho ya katibu naona jambo moja. Yule mtumwa wa tatu hakuwa mwizi wala mlevi. Hesabu zake zilikuwa safi kabisa. Alirudisha alichopewa, hakikupungua hata senti. Mkaguzi angempitisha.

Basi tulifanya nini? Mwezi wa pili kamati ilikubaliana mambo mawili, nayo yameandikwa. La kwanza, sentensi ile hairuhusiwi tena kitabuni isipokuwa imefuatwa na tarehe. Ukisema tuurudie, useme lini. La pili, kila miezi mitatu tunaimba wimbo mmoja wa mwimbaji wetu, kwanza katika ibada ya jioni ambako watu ni wachache na wana huruma, kisha tunausahihisha, ndipo uje asubuhi. Hatukusema kila wimbo utapita. Nilijitolea kuanza, nikaleta wangu kutoka chini ya kitanda. Huu ndio ule uliostahili kukataliwa. Maneno yalikuwa mengi kama notisi ya shule, na mpiga kinanda aliniuliza kwa upole waimbaji wavute pumzi wapi. Tuliujaribu Jumapili moja jioni, tukauweka chini. Niliona aibu mpaka Jumanne. Jumatano nilikuwa na darasa la nne na wakati wa kuona aibu ukaisha.

Wimbo wa Ruthu nao haukuanza vizuri. Besi walipotea kwenye kiitikio, mtoto mmoja akacheka, na watu wazima wakamfuata. Baada ya ibada mzee mmoja alituambia kwamba siku za nyuma kwaya hii ilikuwa inaimba. Tulirudi mazoezini. Tuliushusha ufunguo, tukawapa besi mstari wao peke yao. Mara ya tatu, asubuhi, hakuna aliyecheka. Kina mama wawili waliokuwa wakichuma naye shamba moja walisimama kabla hatujamaliza.

Sisemi tuache nyimbo tunazozijua. Kwenye matanga mwimbie mtu anachokijua, mwenye kilio hahitaji kujifunza tuni mpya. Na nyimbo za kitabuni zilikuwa mpya siku moja, mtu alizileta mbele ya watu wenye shaka kama sisi.

Mweka hazina ameniomba niwaeleze juu ya pesa, maana mlizitoa ninyi kwenye harambee. Studio imegharimu shilingi 140,000 kwa nyimbo nane. Mpango wa kwanza ulikuwa nyimbo saba zinazojulikana na mmoja wetu, ili tuwe na hakika ya kuuza. Kamati ilikaa saa nne. Kura zilikuwa 6 kwa 5. Nyimbo tano ni zetu, tatu ni za kitabuni. Huenda tusirudishe pesa zenu zote, na waliopiga kura ile ya pili walikuwa na sababu nzuri, ambazo pia nimeziandika zote kwa ukamilifu. Nami ni mmoja wa wale sita, kwa hiyo mkitaka mtu wa kumuuliza, mnajua shule ninayofundisha.

Wimbo wa Ruthu ni wa tatu katika orodha ya leo. Utaimbwa beti mbili. Kama barabara ya kutoka Kisumu imekuwa njema, mwenye wimbo ameketi nasi hapa ndani, na nimemwomba akae karibu na sauti ya pili, huenda akisikia wenzake ule wa Naomi ukamrudia. Nitakuwa na kalamu.

Mazoezi ni Jumamosi saa nane, kama kawaida. Nyimbo 36 bado zimebaki. Baadhi ya wenye nyimbo hizo mko hapa, na wawili wametangulia mbele za Bwana, familia zao naomba tuonane kabla hamjaondoka. Wengine njooni na madaftari yenu. Kamati itakuwa na kalenda mezani.